Kumi na mbili kwa moja: hesabu ya vifaa vya jikoni

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, muuzaji amesimama nyuma ya meza. Anaweka kitunguu juu ya kisanduku cha plastiki, anabonyeza kifuniko, na vipande vya mchemraba vinaanguka ndani, vyote saizi moja. Inafuata karoti, kisha hoho. Dakika mbili hazijaisha na bakuli limejaa kachumbari ambayo hakuna mtu atakayeila. Juu ya boksi kumeandikwa kwamba kifaa kinafanya kazi 12. Bei ya kuanzia ni Sh 30,000, na anayejua kupatana anaondoka nacho kwa Sh 25,000. Ukigawa 25,000 kwa 12 unapata Sh 2,083 kwa kila kazi, na kwa pesa hiyo hupati hata kisu cha maana. Mgawanyo huo hauna kosa. Kinachohitaji kuangaliwa ni ile 12.

Kwanza niweke wazi masharti ya hesabu zangu. Kaya ninayoipigia hesabu ina watu wanne, karibu na wastani wa sensa ya 2022, uliokuwa watu 4.3 kwa kaya Tanzania. Inaishi Dar es Salaam, inapikia gesi ya mtungi wa kilo 6 na inatumia umeme wa LUKU. Bei za vifaa ni makadirio yangu ya Kariakoo, ambako bei hubadilika kwa duka na kwa ulimi wa mnunuzi. Muda nimeupima kwa saa ya simu katika jiko moja, kwa mikono ya mtu mmoja. Msomaji mwenye takwimu zake aziweke mahali pa zangu. Mara nyingi jibu litabaki lilelile, na pale linapogeuka nitasema.

Kipimo changu kikuu ni gharama kwa tumizi: bei ya kifaa pamoja na matengenezo yake, gawanya kwa idadi ya mara kilizotumika kabla hakijafa. Kifaa cha Sh 25,000 kilichotumika mara tano kimegharimu Sh 5,000 kila kilipotolewa kabatini. Kikitumika mara 1,000, ni Sh 25. Idadi ya kazi zilizoandikwa kwenye boksi haimo kabisa katika mgawanyo huu.

Turudi kwenye ile 12. Nililifungua boksi nikapanga vilivyomo juu ya meza: bakuli la chini, kifuniko cha kubonyezea, kichujio, kishikio cha kulinda vidole, kimenyeo, na kijiko chenye matundu cha kutenga kiini cha yai. Hivyo ni sita na hakuna hata kimoja kinachokata, ukikiondoa kimenyeo. Sita vilivyobaki ni visu vya kupachika: mchemraba mkubwa, mchemraba mdogo, slesi, mawimbi, kukwangua nene na kukwangua nyembamba. Kwa hiyo 12 ni idadi ya vipande vilivyomo kwenye boksi. Kazi za kukata ni sita, na bei kwa kazi inapanda hadi Sh 4,167.

Katika hivyo sita, kaya yangu inatumia vingapi? Mchemraba mdogo unakwama kwenye kitunguu maji kikubwa, isipokuwa ukikigawa vipande vinne kwanza, na kukigawa vinne kunahitaji kisu kilekile ambacho boksi lilikuja kukistaafisha. Nyanya iliyoiva inapondeka badala ya kukatika. Mawimbi ni ya chipsi za mapambo, na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuomba chipsi zenye mawimbi. Vinabaki slesi ya kachumbari na kukwangua karoti. Kazi mbili kwa Sh 25,000 ni Sh 12,500 kila moja. Kisu cha Sh 5,000 na greta ya bati ya Sh 4,000 vinafanya hizo mbili kwa Sh 9,000, na kisu kinaendelea na nyama, samaki, mkate na kamba ya kiroba.

Muuzaji atajibu kwamba hauzi bei, anauza muda. Hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo nikaipima. Kwa kisu, kitunguu kimoja kilichokwisha kumenywa kilinichukua sekunde 60 kukikata vizuri, na kuosha kisu na kibao sekunde 30. Kwa kisanduku, kitunguu kilichukua sekunde 15 tu. Lakini kukitoa, kupachika kisu, kukifungua tena, kuchokoa mabaki yaliyonasa kwenye meno ya kifuniko kwa ncha ya uma, kuosha na kukausha vilichukua dakika nne. Dakika nne hizo utazitoa hata kama umekata kitunguu kimoja.

Hivyo vitunguu viwili vya mchuzi wa jioni vinakula sekunde 150 kwa kisu na sekunde 270 kwa kisanduku. Kifaa cha kuokoa muda kimekupotezea dakika mbili. Kila siku kwa mwaka mzima ni dakika 730, zaidi kidogo ya saa 12. Njia hizo mbili zinakaribia kulingana kwenye vitunguu vinne na nusu. Kuanzia kitunguu cha tano, kisanduku kinashinda.

Nani hukata vitunguu zaidi ya vitano kila siku? Mama lishe. Tuseme anakata 40 kila asubuhi. Kwa kisu ni sekunde 2,430, yaani dakika 40 na nusu. Kwa kisanduku ni sekunde 840, dakika 14. Anaokoa dakika 26 na nusu kwa siku, na akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, anaokoa saa 132 na nusu. Saa yake tukiithamini kwa Sh 1,000, jumla ni Sh 132,500, zaidi ya mara tano ya bei ya kifaa. Kifaa kilekile ni hasara katika jiko moja na ni faida katika jiko la jirani.

Hapo pia pana dhana iliyojificha, kwamba kisanduku kitamaliza mwaka. Vitunguu 40 kwa siku 300 ni mibonyezo isiyopungua 12,000 juu ya bawaba ya plastiki nyembamba kuliko kifuniko cha ndoo. Tukisema bawaba inavunjika baada ya mibonyezo 3,000 (na hii ni dhana yangu, maana boksi halisemi), mama lishe atanunua kipya kila baada ya siku 75, yaani vinne kwa mwaka, Sh 100,000. Faida yake inashuka kutoka 132,500 hadi Sh 32,500, na hapo sijahesabu asubuhi ambayo kimevunjika katikati ya kazi na wateja wapo kwenye benchi.

Tukipanua kidogo: sensa ilihesabu watu 61,741,120. Ukigawa kwa 4.3 unapata kaya zipatazo milioni 14.36. Kaya moja tu katika kila mia ikinunua kisanduku hiki kwa Sh 25,000, pesa inayotoka mifukoni ni Sh bilioni 3.59. Mauzo hayo hayajali kama vitunguu ni viwili au 40. Muuzaji analipwa boksi linapotoka mezani, na kinachotokea baada ya hapo hakimo katika hesabu zake.

Blenda ni habari fupi zaidi. Inayouzwa sana ni ile yenye jagi la juisi na kikombe kidogo cha kusagia viungo, vyote viwili juu ya mota moja. Tuiweke Sh 65,000. Wengi huuliza kwanza kuhusu umeme, na hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Uniti moja ya umeme ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, kundi la T1, bei ni Sh 292, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 inakuwa Sh 356. Ndiyo maana Sh 10,000 hukupa uniti 28 hivi, kabla ya kukatwa kodi ya jengo. Blenda ya wati 400 ikizunguka dakika mbili inatumia uniti 0.013. Hiyo ni chini ya Sh 5, na embe moja la hiyo juisi ni ghali mara nyingi kuliko umeme uliolisaga.

Gharama ya blenda iko kwenye uhai wake. Juisi mara mbili na viungo mara moja kwa wiki ni matumizi 156 kwa mwaka. Ikidumu miaka mitatu ni matumizi 468, sawa na Sh 139 kila moja. Ikitoka kabatini mara moja kwa mwezi, ni matumizi 36 na Sh 1,806 kwa kila glasi kadhaa za juisi, na hapo muuza juisi wa kona amekushinda.

Mota moja kwa kazi mbili ni busara au ni hatari? Chukua kwamba kila mota ina nafasi ya asilimia 20 ya kuungua ndani ya mwaka, namba ya mfano tu. Mwenye blenda ya pamoja ana asilimia 20 ya kukosa juisi na viungo kwa mpigo. Mwenye mashine mbili tofauti ana asilimia 4 tu ya kukosa vyote, lakini ana asilimia 36 ya kwenda kwa fundi angalau mara moja. Kwa hiyo kifaa cha pamoja kinapunguza safari za fundi na kinaongeza ukubwa wa pengo siku kinapokufa. Hesabu hii inachukulia kwamba mota mbili hufa kila moja kwa sababu zake. Umeme ukirudi kwa kishindo saa mbili usiku na mashine zote mbili ziko kwenye soketi, asilimia 4 ile haina maana tena.

Sasa presha kuka ya umeme, ambayo ndiyo inastahili kalamu zaidi. Mtindo wa kuandika idadi ya kazi kwenye sufuria ya aina hii ulienea sana na Instant Pot, sufuria iliyoingia sokoni 2010 kutoka Canada kwa kazi ya Robert Wang na wenzake, na ambayo toleo lake lililovuma lilijitangaza kwa kazi saba. Kazi saba hizo hazikuizuia kampuni yenye jina hilo, Instant Brands, kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake nchini Marekani mwezi Juni 2023. Zinazouzwa kwetu nyingi zina vitufe vinane au zaidi: wali, maharage, nyama, supu, uji, mvuke, keki, mtindi. Serikali nayo, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na umeme ni moja ya njia. Bei ya lita sita, wati 1,000, nimeiweka Sh 180,000.

Kazi ya kwanza ni maharage. Jiko la kawaida la gesi likiwa moto wote hula kama gramu 200 za gesi kwa saa. Moto mdogo nimeuweka gramu 70. Maharage makavu yasiyolowekwa yanataka moto mkubwa dakika 15 na moto mdogo saa moja na dakika 45: jumla gramu 172 na nusu. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa Sh 24,000, kilo ni Sh 4,000, na chungu hicho cha maharage kinagharimu Sh 690 za gesi. Presha kuka ya umeme inavuta umeme mfululizo kama dakika 20 mpaka presha ipande, kisha inajizima na kujiwasha. Nimeipa uniti 0.4, Sh 142. Tofauti ni Sh 548 kwa kila pishi.

Ukipika maharage mara mbili kwa wiki, mapishi 104 kwa mwaka, Sh 180,000 zinarudi baada ya mapishi 329, miaka mitatu na miezi miwili. Si mbaya kwa kifaa kitakachodumu miaka mitano, ni hasara kwa kitakachodumu miwili.

Lakini kulinganisha presha kuka ya umeme na sufuria ya wazi ni kuipa mpinzani dhaifu. Mpinzani halisi ni sufuria ya presha ya kuweka jikoni, ile ya aluminiamu yenye kizito kinachopiga filimbi juu, ambayo mama zetu waliipikia miaka mingi bila kitufe hata kimoja. Niweke Sh 60,000. Inataka moto mkubwa dakika 15 na mdogo dakika 30: gramu 85, Sh 340. Inaokoa Sh 350 kila pishi, na inarudisha bei yake baada ya mapishi 172, miezi 20. Ukitaka kupanda kutoka hiyo hadi ya umeme, unaongeza Sh 120,000 ili uokoe Sh 198 kwa pishi. Hayo ni mapishi 606, karibu miaka sita. Kwa maharage peke yake, presha kuka ya umeme haijitetei.

Inajitetea kwa kazi ya pili. Wali wa nusu kilo kwenye gesi unakula gramu 51 hivi, Sh 204. Kwenye umeme, uniti 0.25, Sh 89. Ni Sh 115 tu, lakini wali unapikwa mara tano kwa wiki, mapishi 260 kwa mwaka, Sh 29,900. Jumlisha na zile Sh 198 mara 104 za maharage, Sh 20,592, unapata Sh 50,492 kwa mwaka zaidi ya mwenye sufuria ya filimbi. Ile nyongeza ya Sh 120,000 sasa inarudi baada ya miaka miwili na miezi mitano badala ya karibu sita. Hapa, kwa mara ya kwanza katika makala hii, kazi nyingi zimebadilisha jibu, na zilizolibadilisha ni mbili. Vitufe sita vilivyobaki havina mchango wowote kwenye jedwali langu. Keki niliijaribu mara moja, ikatoka nyeupe juu kama mkate wa kumimina usiopata moto, na watoto wakaila kwa heshima.

Hata hesabu hiyo ya wali ina ufa, na niliugundua siku ya tatu ya kutumia presha kuka. Maharage yamo ndani yanaiva, saa sita na nusu mchana, na wali wa kuliwa na maharage hayo haujabandikwa, kwa sababu sufuria ni moja. Ukitoa maharage kwenye hotpoti na kuiosha sufuria ili upike wali, umeongeza dakika arobaini mezani na vyombo viwili kwenye karai. Kwetu nilirudi kwenye gesi. Kwa hiyo siku za maharage, wali hauhesabiwi: 260 toa 104 ni mapishi 156, Sh 17,940. Akiba ya mwaka inashuka hadi Sh 38,532 na muda wa kurudisha nyongeza unapanda hadi miaka mitatu na kidogo. Swali la kuuliza dukani ni kama kazi mbili utakazozitumia zinahitajika kwa wakati mmoja. Blenda haina tatizo hilo, kwa kuwa juisi na bizari hazigombanii saa.

Kuna mtego mwingine, huu wa LUKU. Mteja mdogo aliye kundi la D1 hulipa Sh 100 kwa uniti, Sh 122 pamoja na tozo, mradi matumizi yake ya mwezi hayazidi uniti 75. Zinazozidi hutozwa Sh 350, yaani Sh 427 na tozo zake. Presha kuka yetu, kwa maharage 104 na wali 260 wa hesabu ya kwanza, inatumia uniti 106.6 kwa mwaka, karibu tisa kwa mwezi. Kaya iliyo kwenye uniti 50 inafika 59 na kulipa Sh 1,098 zaidi tu, bei nzuri kuliko zote nilizoandika hapa. Kaya iliyo kwenye uniti 70 inafika 79. Kwa D1 hiyo ni Sh 10,858. Ikihamishiwa T1 kwa sababu ya kuvuka mpaka, uniti 79 hizohizo ni Sh 28,124. Tofauti ni Sh 17,266 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya bei ya sufuria yenyewe. Kabla ya kuhesabu vitufe, hesabu uniti zako.

Kwa upande wa pili wa mizani kuna mbuzi ya kukunia nazi. Kazi yake ni moja, ukiacha kwamba ni kigoda na watu hukikalia hata pasipo nazi. Sh 15,000, mti na jino la chuma. Nazi tatu kwa wiki ni 156 kwa mwaka, na mbuzi nzuri inafika miaka kumi bila kunung'unika: nazi 1,560, Sh 9.62 kila nazi. Ukipeleka nazi kwenye mashine ya sokoni kwa Sh 200, mbuzi inarudisha bei yake kwa nazi 75, wiki 25. Ukitaka kuwa mkali zaidi, nazi moja inachukua dakika sita, na kwa ile saa ya Sh 1,000 hizo ni Sh 100 za jasho. Basi ni nazi 150, karibu mwaka. Bado inashinda kwa miaka tisa iliyobaki. Blenda nayo inatoa tui, lakini lazima nyama ya nazi ing'olewe kifuuni kwa kisu, ikatwe vipande, isagwe na maji ya vuguvugu, kisha ichujwe. Kifumbu unakihitaji pande zote mbili.

Mpishi wa televisheni wa Marekani, Alton Brown, alijulikana kwa kuvidharau vifaa vya kazi moja, na kwake kizima moto ndicho pekee alichokikubali jikoni. Nadhani hakuwahi kukalia mbuzi. Kanuni yake inahesabu kazi, haihesabu marudio, na nazi 1,560 ni marudio mengi. Kwa upande mwingine, kifaa chenye kazi nyingi kuliko vyote jikoni mwetu hakina maandishi yoyote: sufuria ya kawaida inachemsha maji ya chai, inasonga ugali, inapika wali, inakaanga maandazi, na ukiweka makaa juu ya kifuniko inaoka keki iliyoiva kuliko ile yangu ya kitufe. Kinu hali kadhalika: kisamvu, mpunga, mahindi, viungo. Vifaa hivi vinafanya mengi kwa sababu havina sehemu maalumu ya kila kazi. Kisanduku cha Kariakoo kinafanya mengi kwa kubeba sehemu sita, na kila sehemu inataka kuoshwa na kuwekwa mahali.

Mahali pana bei. Chumba cha mita tatu kwa tatu kikikodishwa Sh 60,000 kwa mwezi, mita moja ya mraba ni Sh 6,667. Presha kuka inayochukua sentimita 35 kwa 35 inakalia Sh 817 kwa mwezi, Sh 9,800 kwa mwaka. Kisanduku cha sentimita 30 kwa 15 kinakalia Sh 3,600 kwa mwaka. Najua ubishi wake: hakuna mwenye nyumba atakayekupunguzia kodi kwa kuwa umegawa blenda yako. Hata hivyo kwa anayelala, kupika na kupokea wageni ndani ya mita tisa hizo, kifaa kilichokaa juu ya kabati miezi kumi na moja kinamzuilia kitu. Hapa presha kuka ina hoja ya haki, ikiwa imeondoa jiko la wali la umeme na sufuria ya filimbi kwa pamoja. Kama imekuja kuongezeka juu ya hivyo viwili, haina.

Kwa bei na matumizi niliyoyaweka, uamuzi wangu ni huu. Kaya ya watu wanne isinunue kisanduku cha kazi 12. Mama lishe akinunue iwapo bawaba ni ya chuma. Blenda yenye kikombe cha viungo inunuliwe na anayesaga angalau mara mbili kwa wiki. Presha kuka ya umeme inunuliwe na anayepika maharage na wali kwa saa tofauti, na ambaye uniti zake za mwezi haziko karibu na 75. Wengine wote, sufuria ya filimbi ya Sh 60,000 inawatosha.

Kabla hujatoa pesa, muulize mwenye duka bei ya mpira wa kifuniko cha presha kuka na wapi unapatikana. Wangu ulilegea mwezi wa kumi na nne, duka nililonunulia halikuwa nao, na kwa wiki tatu sufuria ya Sh 180,000 ilikuwa inachemsha maharage kwa saa mbili kama sufuria nyingine yoyote, ikivuja mvuke pembeni na kula uniti. Mpira wenyewe, nilipoupata, ulikuwa Sh 8,000.